Kutibu wasiwasi uliopitiliza kwa dawa ukiwa Kigoma: hatua kwa hatua

Wengi wanaofika kaunta ya famasi kwa sababu ya wasiwasi hawalitaji neno lenyewe. Husema moyo unaenda mbio, kifua kinabana, tumbo linasokota, usingizi umekata, kichwa kimejaa mawazo. Mwingine ameshapima presha na malaria hadi amechoka, majibu yote mazuri, na bado usiku yuko macho akipiga hesabu za yatakayoharibika kesho: ada, deni la nyavu, mtoto aliye safarini, mvua, ziwa. Hali hiyo ikimkaa mtu siku nyingi kuliko zile za nafuu kwa miezi 6 au zaidi, akashindwa kuizuia, tena ikaja na uchovu, misuli kukaza, hasira za karibu, akili kutotulia na usingizi mbovu, huo ni ugonjwa wa wasiwasi uliopitiliza. Unatibika.

Mwongozo huu unahusu vidonge, na umeandikwa kwa mtu wa Kigoma, awe Mwanga, Ujiji, Kasulu au kijiji cha mwambao ambako famasi ni safari ya boti. Msimamo wangu nautoa mapema. Dawa zinazofaa zaidi kwa ugonjwa huu huchelewa kufanya kazi, na mwanzoni zinaweza hata kukuzidishia hali. Dawa inayotuliza usiku huohuo ndiyo inayokufunga kamba baadaye. Watu wanashindwa kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo siku ya kwanza. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye wiki 6 za mwanzo.

Hatua ya 1. Mwili upimwe kwanza

Anza na malaria, maana mkoa wetu unayo nyingi, na homa inayochipuka humtetemesha mtu na kumpeleka moyo mbio. Upungufu wa damu hufanya vivyo hivyo, hasa kwa mama anayetoka hedhi nzito. Sukari ikishuka, jasho na hofu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hutetemeka mikono, hutoka jasho na hukonda huku anakula vizuri, na wengi huishia kuambiwa wana mawazo. Ukiwa na uvimbe shingoni, yaani rovu, usitoke chumba cha daktari bila kuutaja. Kipimo cha homoni za tezi hakipo kila zahanati. Kaulizie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Halafu kagua unachoingiza mwilini. Vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa ya kijiweni kikombe juu ya kikombe, dawa ya kupuliza ya pumu iitwayo salbutamoli: vyote hivyo huamsha moyo. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU huvuruga usingizi na ndoto. Usiziache, yaseme hayo CTC, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU. Anayekunywa gongo kila siku na kuamka akitetemeka, mwili wake unadai pombe, na akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Huyo anahitaji kuacha chini ya uangalizi kabla ya habari ya vidonge vya wasiwasi.

Mwombe mhudumu akupime kwa dodoso la GAD-7. Ni maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa wastani, kuanzia 15 mkali. Alama peke yake haithibitishi ugonjwa, ila iandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe. Mwenye wasiwasi mdogo mara nyingi huanza na ushauri nasaha, mazoezi na kupunguza kahawa, bila kidonge chochote. Hata kwa wenye wasiwasi mkali, mazungumzo ya tiba na mtu aliyesomea hufanya kazi vizuri yakiambatana na dawa, kwa hiyo ukiwa kliniki uliza kama yapo.

Hatua ya 2. Yaseme yale ambayo watu huyaficha

Utakayekutana naye anaweza kuwa afisa tabibu, muuguzi wa afya ya akili au daktari wa hospitali. Kwetu wote ni daktari, na wote wanahitaji ukweli uleule.

Mwambie kama una mimba, unanyonyesha au unatafuta mtoto. Mwambie kiasi cha pombe bila kukipunguza nusu. Taja dawa ya mitishamba uliyopewa na mganga, hata kama hujui majani gani yamo. Taja kifafa, ugonjwa wa moyo, ini, presha ya macho, tezi dume, pumu. Kama umewahi kufikiria kujiua, sema. Jibu hilo hubadilisha aina ya dawa na idadi ya vidonge utakavyoondoka navyo.

Lipo swali moja ambalo wagonjwa hulipuuza kwa sababu halifanani na ugonjwa wao. Je, umewahi kupitia siku kadhaa ambazo hukulala na wala hukuchoka, ukaongea mfululizo, ukatumia fedha ovyo, ukajiona unaweza kila kitu? Au kuna ndugu wa damu wa namna hiyo? Aliye na historia hiyo akipewa dawa za kundi nitakalolitaja hapa chini bila tahadhari, anaweza kurushwa tena kwenye hali hiyo.

Mgonjwa akiwa mzee, aende na mtu. Ila chagua msindikizaji. Baba hatasema habari za chooni wala za kitandani mbele ya mkwewe, na hizo ndizo habari ambazo daktari atazihitaji.

Hatua ya 3. Ijue dawa uliyoandikiwa

Dawa za kuanzia kwa mtu mzima ni zile zinazofanya kazi kwenye kemikali ya ubongo iitwayo serotonini: sertralini, essitalopramu, fluoksetini, paroksetini. Ni zilezile zinazotibu sonona, hivyo ukisoma karatasi ya ndani ya boksi usidhani umepewa dawa ya mtu mwingine. Mwongozo wa afya ya akili uitwao mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2023, unalitaja kundi hili kwa watu wazima wenye wasiwasi uliopitiliza. Sertralini kwa kawaida huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki moja, halafu 50, na daktari anaweza kuipandisha taratibu hadi 200. Essitalopramu huanza na 5 au 10, kikomo 20. Kuanza chini kunasaidia sana, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi huusikiliza mwili wake kuliko watu wengine. Venlafaksini na duloksetini ni za kundi la jirani. Zinafaa pia, ila venlafaksini inaweza kupandisha presha, kwa hiyo ipimwe mara kwa mara.

Kwenye vituo vya chini huenda ukapewa amitriptilini. Ni dawa ya zamani, bei yake ndogo, huanza na miligramu 25 usiku. Inalaza vizuri, lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inamzuia mzee kukojoa na kumyumbisha anapoamka. Haimfai mwenye tatizo la mapigo ya moyo. Ukipewa hiyo, uliza kwa heshima kama fluoksetini au sertralini inapatikana. Jibu likiwa hapana, amitriptilini nayo si ya kutupwa. Ifungie mbali na watoto na mbali na yeyote aliyekata tamaa ndani ya nyumba, maana ikimezwa nyingi kwa mkupuo huua kwa kusimamisha moyo.

Propranololi hutuliza mikono inayotetemeka na moyo unaodunda. Fikra zenyewe haizigusi. Mwenye pumu asiiguse.

Sasa diazepamu, ambayo mtaani bado inaitwa Valium hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa. Kila wiki kuna anayeiulizia kwa jina la dawa ya usingizi. Inafanya kazi ndani ya saa moja, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa sababu hakuna kidonge cha polepole kitakachopendeza baada ya kuonja hicho. Ukiitumia kila siku, ndani ya wiki chache mwili huizoea: kimoja hakitoshi, unahitaji viwili, na siku ukikikosa wasiwasi unarudi ukiwa mkali kuliko ule uliokupeleka hospitali. Aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Ikichanganywa na pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, inaweza kumzima mtu pumzi akiwa usingizini. Mwongozo huohuo wa 2023 hauipendekezi kuwa tiba ya ugonjwa huu. Daktari akikuandikia kwa siku chache ili uvuke kipindi kigumu cha mwanzo, sawa, mradi cheti kioneshe tarehe ya mwisho. Ukiuziwa bila cheti na mtu anayekwambia rudi ikiisha, huyo anajitafutia mteja wa kudumu. Na kama tayari umeimeza miezi mingi, usiitupe leo ziwani. Nenda kliniki upunguziwe hatua kwa hatua.

Hatua ya 4. Wiki 6 za mwanzo

Hapa ndipo watu wengi huacha, na sababu zao zinaeleweka.

Wiki ya kwanza na ya pili unalipa bila kupokea. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kuharisha kidogo, jasho, mdomo mkavu, usingizi kukata au kuja mchana. Zaidi ya hayo, kwa baadhi ya watu wasiwasi wenyewe hupanda: unahisi mwili unawashwawashwa kwa ndani, huwezi kukaa. Mtu wa namna hii hurudi famasi siku ya 5 na kusema dawa imenikataa. Haijamkataa. Ubongo unazoea, na mengi ya hayo hupungua ndani ya wiki 1 hadi 2. Yakizidi kiasi, mpigie aliyekuandikia. Mara nyingi suluhisho ni kurudi kwenye dozi ndogo kwa siku kadhaa.

Meza baada ya kula, kichefuchefu kitapungua. Ikikunyima usingizi, imeze asubuhi baada ya uji. Ikikulaza, imeze jioni. Muhimu ni saa ileile kila siku. Ukisahau, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Ikishafika saa ya kidonge kinachofuata, achana na kilichopita, usimeze viwili. Wakati wa Ramadhani hakuna haja ya kukatisha tiba wala funga: dawa ya mara moja kwa siku inamezwa kwa futari au kwa daku, ila iwe moja kati ya hizo mwezi mzima.

Mvuvi wa dagaa ana saa zake. Kama unashinda umelala na usiku uko ziwani na taa, dawa inayoleta usingizi uimeze asubuhi ukirudi nchi kavu, na umweleze daktari hivyo ili neno usiku kwenye cheti lisikupeleke kusinzia ukingoni mwa mtumbwi. Dereva wa bodaboda naye asiendeshe siku za kwanza mpaka ajue dawa inamfanyaje.

Wiki ya 3 na ya 4 nafuu huanza kwa kunyemelea. Mara nyingi mke au dada ndiye anayeona kwanza: hasira zimepungua, sahani inaisha, simu hazipigwi tena kila nusu saa kuuliza kama mmefika. Mgonjwa mwenyewe bado anasema hajaona kitu. Jaza tena yale maswali 7, linganisha na alama za mwanzo, karatasi itakuwa na kumbukumbu nzuri kuliko wewe.

Wiki ya 6 ndiyo ya kutoa hukumu, mradi umemeza kila siku na dozi ilifika kiwango cha kutibu. Alama zikiwa zimeshuka kidogo tu, daktari hupandisha dozi. Zisiposhuka kabisa, hubadilisha dawa. Usijibadilishie mwenyewe, na usiazime vidonge vya jirani kwa sababu yeye vimemfaa.

Wanaume wengi huacha kimyakimya kwa jambo moja: hamu ya tendo la ndoa hupungua, au kumaliza huchelewa mno. Wanawake nao hupata shida hiyo, ila ni wachache wanaoulizwa. Ni athari inayojulikana sana ya kundi hili na ina njia za kushughulikiwa, kuanzia kupunguza dozi hadi kubadilisha dawa. Sema tu, hata kwa kuandika kwenye karatasi. Anayeacha dawa kwa aibu hurudi kliniki baada ya miezi, na huanza upya na zile wiki mbili mbaya.

Kwa walio na umri wa hadi miaka 24, mwezi wa kwanza na kila dozi inapobadilishwa, mtu wa nyumbani awe karibu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa hizi mwaka 2004 na kulipanua mwaka 2007, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa vijana mwanzoni mwa tiba. Kijana akianza kujitenga, kuaga watu au kusema hana maana, nendeni hospitali siku hiyohiyo na vidonge vikae kwa mtu mwingine. Pia msisubiri miadi mkiona homa kali pamoja na misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, vipele vinavyoenea au midomo kuvimba, au mtu ambaye ghafla halali na ana nguvu zisizo za kawaida.

Hatua ya 5. Malaria, maumivu na mambo ya uzazi

Ukipata malaria, meza dawa mseto kama ulivyoandikiwa. Mwambie tu mhudumu kwamba unatumia dawa ya wasiwasi na jina lake, kwa sababu lumefantrini iliyo ndani ya mseto, pamoja na kwinini, zinaweza kugusa mpangilio wa umeme wa moyo, na essitalopramu na amitriptilini nazo hufanya hivyo. Ataamua yeye, hasa kama una ugonjwa wa moyo.

Tramadoli usiichanganye na dawa za serotonini bila daktari kujua. Zikikutana zinaweza kuleta ile homa ya kukakamaa niliyoitaja, au degedege. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kwa kila maumivu ya mgongo, zikiungana na kundi hili huongeza uwezekano wa tumbo kutoa damu. Kwa maumivu ya kawaida Panadol inatosha. Anayetumia dawa za TB akumbushe jambo hilo, kwa kuwa rifampisini hulifanya ini limalize dawa nyingi haraka na dozi ya kawaida ikawa haitoshi.

Vidonge vya majira, sindano na kijiti haviharibiwi na sertralini wala wenzake. Ukishika mimba, usikate dawa kwa hofu. Nenda kliniki mapema. Paroksetini huepukwa wakati wa ujauzito kwa sababu ya moyo wa mtoto, na kwa mama anayenyonyesha sertralini ni miongoni mwa zinazopendelewa, kwani ni kidogo sana kinachopita kwenye maziwa.

Hatua ya 6. Dawa isiishe

Hili kwa mtu wa mjini ni dogo, kwa mtu wa Mwamgongo au Kalya ni nusu ya tiba. Ziwa likichafuka boti haiondoki, na vidonge haviongezeki kwa kusubiri. Mwombe daktari dawa ya miezi miwili ukishatulia, na urudi kununua zikiwa zimebaki za wiki mbili. Duka la dawa muhimu la kijijini haliruhusiwi kuuza kila dawa, hivyo usitegemee kuikuta huko. Kabla ya kupanda boti ya kuja Kibirizi, piga simu famasi uulize kama ipo. Taja jina la dawa na uzito wake kama vilivyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa jina la kiwanda hubadilika kila mzigo mpya unapoingia.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kipato cha nyumba nyingi kilisimama. Kipindi kama hicho ndicho mtu hukata dawa ili kuokoa fedha, na ndicho wasiwasi unapopata chakula. Mweleze mhudumu ukweli wa mfuko wako; kuna dawa za bei ya chini ndani ya kundi hilohilo, na kama una bima, uliza ipi inalipiwa kwenye ngazi ya kituo chako. Kubadilishiwa ni bora kuliko kumeza siku moja na kuruka moja.

Weka dawa pakavu, mbali na bati la jua na mbali na jiko.

Hatua ya 7. Kuacha

Ukipona, endelea kumeza. Najua inavyosikika ukiwa mzima na pesa inatakiwa kwingine, lakini anayeacha mara tu anapojisikia vizuri ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena. Kawaida ni miezi 6 hadi 12 baada ya kutulia, na zaidi kwa aliyewahi kurudiwa.

Dawa hizi hazileti ile kiu ya diazepamu, wala hazidai dozi izidi kupanda. Hata hivyo zikikatwa ghafla mwili hulalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, hasira, na hisia kama za shoti ya umeme kichwani. Paroksetini na venlafaksini ndizo zenye ukorofi zaidi. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kuiacha huwa kwepesi. Daktari atakupunguzia kwa hatua kwa wiki kadhaa au miezi, na kila hatua isogee baada ya mwili kutulia. Chagua kipindi kisicho na msukosuko. Usianze kupunguza wiki ya msiba, ya mitihani au ya kujifungua.

Dalili zikitokea wakati wa kupunguza, angalia zilivyoanza. Zikija ndani ya siku chache, zina kizunguzungu na shoti, na zinafifia baada ya wiki moja au mbili, huo ni mwili unaozoea, na unaweza kurudi dozi ya juu kidogo halafu ukashuka polepole zaidi. Zikija kwa kunyemelea baada ya wiki nyingi, tena zikiwa zilezile za kuhesabu mabaya ya kesho usiku kucha, ni ugonjwa unarudi. Hapo rudi kliniki na daftari lenye jina la dawa iliyokufaa, dozi iliyofanya kazi, alama zako za maswali 7 na yaliyokusumbua, ili tiba ianzie pale ilipoishia hata kama anayekuhudumia siku hiyo hajawahi kukuona.